Sehemu ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Bila mimi, tamthilia ya mpwa wangu ingekuwa karatasi za kufungia sabuni! Leo mwongozaji kanipigia simu yeye mwenyewe. Wanaiigiza mara ya tatu, safari hii ukumbi mkubwa, na wanataka kijitabu cha historia yake. Eti mimi ndiye niliyekuwepo tangu mwanzo. Nilikuwepo! Mkuu wa Pazia. Haya, mvuta kamba. Lakini kamba yenyewe ilikuwa ndefu.

Jumatano, 5 Machi

Kurasa mbili tayari. Onyesho la kwanza: ukumbi wa shule, watu elfu moja. (Viti themanini. Wengine walisimama, tuseme.) Tamthilia yenyewe inamhusu mwandishi aliyeandika habari za kila mtu isipokuwa mama yake. Anavunja kalamu — nikafunga pazia. Makofi! Kumbe bado sehemu moja: mama anaingia, anamjibu mwanawe. Mwigizaji wa mama kabaki nyuma ya pazia, mdomo wazi. Gazeti likasifu: mwisho wa kijasiri. Mpwa akaniuliza mbona nilifunga. Nikamjibu kwa sauti nzito, sanaa inajua pa kukomea. Sijui niliitoa wapi. Onyesho la pili likakomea hapohapo. Miaka sita sasa, mama hajasema neno.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezini. Mpwa kaja na kurasa za mama, anaomba zirudishwe. Mwongozaji kakataa: "Mjomba wako alishasema. Tunayachapa maneno yake ukurasa wa kwanza wa kijitabu."

"Mjomba hata kusoma hajaisoma!"

Wote wakanigeukia. Nikakohoa. Nikasema nitatoa uamuzi kesho — utadhani jaji.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi tu wamejaa sebuleni kwangu: mwongozaji, mpwa, na dada yangu, mama yake mpwa. Maneno ya yule mama wa jukwaani ni yake, neno kwa neno. Siku ya onyesho la kwanza alikaa mstari wa mbele.

"We kaka," ananiambia, "nilishona gauni kwa ajili ya maneno yale. Yalikuwa na ubaya gani?"

Nikamwambia hayakuwa na ubaya.

"Sasa?"

Kikohozi tena. Nikasema nafuata maandishi yangu chumbani. Ndiyo haya.

Mpwa anagonga mlango. "Mjomba, niambie tu. Kama niliandika vibaya, nitaichana leo leo, yaishe."

Ichanwe! Na mimi ndiye bingwa wa historia! Miaka sita mtoto anaamini kaharibu maneno ya mama yake, na mjomba mtu anavimba kichwa mitaani.

Anagonga tena. Mkono mmoja uko kwenye kitasa, haugeuki; wa pili unaandika.

Siku ile wala sikuifikiria sehemu ya mama. Nilibanwa na mkojo. Kalamu ikavunjika, nikaiachia kamba, mbio. Choo kiko ng'ambo ya uwanja. Makofi yote yale niliyasikia nikiwa nimeuelekea ukuta.