Gia ya Nne kwenye Mteremko wa Ukasi

Garissa, 9 Februari 1997

Kwako Abti Abdow,

Assalamu alaykum. Nakuandikia nikiwa nimeegemezwa kitandani, kwa hiyo usishangae mistari ikipanda na kushuka. Mguu wako unaendeleaje? Mama yako Rukiyo, dada yangu, kifua chake kimetulia? Na Hani je? Mifugo imepata majani? Huku sote wazima isipokuwa mimi. Figo zimechoka. Daktari alimweleza binti yangu Kaaha pembeni, akidhani masikio yangu nayo yamekufa.

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea gereji. Kisomali tunakisema, kukiandika hakuna aliyetufundisha, isipokuwa hili neno abti, ambalo mjomba na mpwa huitana.

Miaka minne sijakuandikia. Utauliza kwa nini leo. Mwezi uliopita mama yako alituma salamu kwa mchuuzi wa mbuzi, na ndani yake akataja, kama jambo la kuchekesha, kwamba mwalimu mgeni hapo Eldas amemwandika mtoto wako kwenye rejista "Hani Niutro". Alidhani ndilo jina la babu yake. Sikucheka. Najua sisi tukimbandika mtu jina la utani huzikwa nalo, lakini sikufikiri kwamba mtoto atalirithi na litaingia hadi kwenye cheti chake.

Acha niyaseme kwa mpangilio, maana nimeyakwepa sana. Watu husema kwamba mwaka 1992 ulitia niutro, yaani uliliachia lori bila gia, kwenye mteremko wa Ukasi ili uokoe dizeli ukaiuze, lori likakushinda, likaanguka na mahindi ya msaada, likakuvunja mguu. Ndipo ukapoteza kazi, ukapata jina.

Unakumbuka zile breki za injini? Zilikuja kwenye sanduku pamoja na kitabu cha Kiingereza, na gereji nzima mimi ndiye niliyeweza kukisoma. Ndiyo maana mliniita Mwalimu. Niliwaeleza: dereva akiachia mafuta, kile kisanduku kinafungua vali ya eksozi pale pistoni inapomaliza kubana hewa, nguvu inatoka nje, na injini badala ya kulisukuma lori inalizuia. Lakini kila silinda ina skrubu yake, na nafasi kati ya skrubu na vali hupimwa kwa fila, kile kibati chembamba cha kupimia, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Niliandika ukutani kwa chaki: INJINI BARIDI, MKONO TULIVU.

Lori lako lilikuwa la mwisho kufungwa breki hizo. Liliingia kutoka Liboi saa nne asubuhi, likitoa moshi, na msafara wa polisi wa kwenda Mwingi ulikuwa unaondoka saa sita. Silinda tatu za mbele nilizipima. Za nyuma zilinichoma vidole. Nikaziweka kwa macho, nati nikazikaza nusunusu. Ukauliza, "Mwalimu, tayari?" Nikasema tayari.

Ulikwenda Nairobi mtupu, na lori tupu halifichui kitu. Ulirudi na tani ishirini. Baada ya ajali nilifungua kifuniko peke yangu, nikakuta skrubu tatu zimejilegeza. Ulishuka Ukasi na nusu ya breki. Sikumwambia mtu.

Hilo ndilo lililokuwa likinilemea. Nisamehe, ukiweza.

Abti wako,
Noordin


Eldas, 20 Machi 1997

Kwako Abti,

Wa alaykum salaam. Tumesikitika kwa habari ya figo. Mama anasema kunywa maziwa ya ngamia na uache ubishi. Mguu unatabiri mvua kuliko redio, lakini bado unatabiri uongo kama redio. Mbuzi wapo. Hani ni wa pili darasani na anabishana na mwalimu wake kila siku juu ya lile jina.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Abti, nitakuambia kitu: nililia, lakini si kwa hasira. Siku ile nilipoiwasha breki nilijua si nzima. Kawaida ilikuwa ikinguruma kama ngamia dume aliyeona majike. Pale Ukasi ilikohoa tu. Nikakanyaga breki za magurudumu mpaka zikatoa moshi. Nimeyasema haya miaka yote na hakuna aliyenisikiliza. Mwishowe nami nikaacha kujisikiliza.

Basi hilo la skrubu nimekusamehe, wallahi, kwa moyo mweupe. Nani angepima silinda sita na askari anapuliza filimbi nje? Hata mimi nilikuharakisha.

Ila kuna jambo moja. Mimi nakumbuka gia ya nne. Nilikuwa nimeshika kichwa cha gia tulipopinduka. Ripoti uliyoandika baada ya ajali ilisema gia ilikutwa kwenye niutro. Miaka yote nimejiuliza: labda niliitoa bila kujua? Labda kweli shetani alinipitia? Wewe ndiye fundi. Je, lori likianguka gia inaweza kuruka yenyewe? Niambie tu kwamba inaweza. Nitalala vizuri.

Abti wako,
Abdow


Garissa, 27 Julai 1997

Kwako Abti Abdow,

Assalamu alaykum. Natumaini mama yako na Hani wako salama na wewe pia. Barua yako ilifika Aprili. Usiulaumu ugonjwa kwa kuchelewa kwangu. Katika miezi hiyo nimeandika barua mbili kwa watu wasio na haja nazo.

Hapana. Gia haikuruka yenyewe.

Nilipofika Ukasi ulikuwa umeshapelekwa hospitali. Tulilisimamisha lori kwa kebo, tukajaribu kulivuta kutoka mtaroni, likakataa. Nikapanda kwenye kabini nione linazuiwa na nini. Gia ilikuwa ya nne, Abdow. Ya nne, kama ulivyosema. Nikaitoa nikaiweka niutro ili lori livutike, kama fundi yeyote angefanya. Mpaka hapo sikuwa na kosa.

Kesho yake mtu wa kampuni yenye malori alikuja gereji na karatasi. Aliuliza mambo mawili tu: breki ilikuwaje, na gia ilikutwa wapi. Nikaandika kwamba breki ya injini haina kasoro. Kisha nikaandika: "Lori lilipofikishwa gereji na kukaguliwa, gia ilikuwa kwenye niutro." Ile sentensi ya kwanza ni uongo. Ya pili ni kweli, kila neno, na ndiyo mbaya zaidi. Niliyapima maneno yake kwa utulivu ambao sikuupa lori lako. Shule yote niliyosoma haijapata kunifaa kama siku ile.

Ulipotoka hospitali na magongo ulikuja kwangu kwanza. Uliniuliza kama nakuamini. Nikasema nakuamini, nikakumiminia chai. Mwezi haukuisha dereva mwenzako Shurie akaanza kukuita Niutro mbele ya madereva. Walicheka. Wewe ulikuwa umekaa pale pale, unaangalia mguu wako. Na mimi nikacheka. Kidogo tu, ili nisionekane mtu asiyecheka.

Katika barua ya kwanza nilikiri kosa dogo ili unisamehe na lile kubwa bila kulijua. Ule msamaha ulionipa naurudisha. Niliupata kwa hila.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, yenye sahihi yangu na alama ya kidole gumba. Inaeleza yote. Mpe mwalimu wa Hani, mpe umtakaye. Sikuombi neno.

Noordin, kaka wa mama yako


Garissa, 6 Desemba 1997

Kwako Abti Abdow,

Assalamu alaykum. Sijui mko hai katika maji haya. Mto Tana umekuja mpaka mashamba yote yamezama, na barabara ya Wajir imekatika. Barua hii anaibeba muuguzi anayepanda ndege ya msaada. Allah awahifadhi wewe, dada yangu na mtoto.

Hujanijibu. Agosti nilisema dereva ameichelewesha. Septemba nikasema umehama na mifugo. Maji yalipokata barabara nilifarijika, nikasema labda barua ilikwama mahali, labda imelowa. Abdow, nilijikuta naomba iwe imelowa. Mtu aliyebakiza siku za kuhesabika, na bado anaomba hivyo! Nilijionea haya mbele ya ukuta.

Kwa hiyo jana, baada ya sala ya Ijumaa, nilimwambia Kaaha anisukume kwa mkokoteni wa maji hadi hoteli ya Bishara. Malori yote yamekwama, madereva wamejaa pale kutwa. Shurie aliniona wa kwanza.

"War, we Mwalimu! Leo unauzwa bei ya mtungi mmoja au miwili?"

Walicheka. Nikasema nimekuja kuzungumza juu ya Abdow.

"Niutro? Amekufa?"

"Hajafa. Na hakutia niutro."

Nikasema yote: silinda za nyuma, ripoti, gia niliyoitoa kwa mkono huu. Pumzi ilinikatika mara mbili na hakuna aliyenisaidia kumaliza. Mmoja akasema, "Adeer, mzee wetu, hiyo ni homa. Kaaha, mrudishe baba kitandani." Kaaha akajibu, "Hana homa. Nimempima mwenyewe kabla ya kuja, kwa sababu nilijua mtasema hivyo."

Mwingine akauliza, "Kama ni kweli, miaka mitano ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa," nikasema. "Niliogopa kufukuzwa. Na niliona utamu mkiniita Mwalimu."

Shurie aliweka kikombe chini. Hakuwa anacheka tena. "Lile jina nililitoa mimi," akasema. "Kila alipopita nilimpigia honi, nikapaza sauti, nikalitaja. Na wewe umekaa hapa unanitazama nikimdhulumu mtu. Toka, mzee. Toka kabla sijasahau umri wako."

Hakuna aliyenipa mkono. Chai niliyoagiziwa, Bishara aliirudisha jikoni.

Sikuandikii haya unionee huruma. Nakuandikia ujue kwamba wamesikia, hata kama wewe hutaki tena kusikia chochote kutoka kwangu.

Noordin


Eldas, 14 Februari 1998

Kwako Abti,

Assalamu alaykum. Salamu ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake, kwa hiyo nakupa. Mama mzima. Hani mzima. Ugonjwa uliofuata mvua umemaliza mbuzi, wamebaki wanne.

Barua yako ya Julai ilifika tarehe nne Agosti, kavu kabisa. Barabara haikuwa na kosa. Nilianza kukujibu mara nyingi, na kila nilichoandika kilikuwa laana. Nikachana, kwa sababu wewe ni kaka wa mama yangu.

Ilipofika ile ya Desemba nilimsomea mama zote. Aliinuka akaswali Alasiri. Kisha akasema, "Hata tukiwa wadogo, akivunja kibuyu cha maziwa alisema ni mbuzi. Na mimi ndiye niliyechapwa." Akacheka, halafu akalia, halafu akaniambia niache kumtazama.

Karatasi yako nimempa mwalimu. Kwenye fomu za mtihani wa darasa la nane ameandikwa Hani Abdow.

Wiki iliyopita lori la kwanza lilipita. Dereva akaita kutoka dirishani, "Abdow Abdiwali! Abdow Abdiwali!" Sikugeuka. Nilidhani anaitwa mtu mwingine. Ikabidi ashuke anishike bega. Anasema Shurie hataki tena lile jina litajwe mezani pake.

Najua unachotaka kujua. Sijui, Abti. Asubuhi nakusamehe. Jua likipanda nakumbuka ulivyocheka siku ile, maana nilikuona, kisha nauondoa msamaha tena. Skrubu naielewa. Hata ripoti, mtu mwoga naweza kumwelewa. Kile kicheko kidogo ndicho kinachonishinda.

Ningeweza kuandika hapa "nimekusamehe" ukafa umetulia. Lakini karatasi za uongo zimetosha katika ukoo huu. Kwa hiyo nakuja. Lori la Jumanne lina nafasi. Nitakaa mbele yako, utanieleza tena kwa mdomo wako, na mimi nitakasirika mbele yako kama nilivyostahili kukasirika tangu zamani. Baada ya hapo tutaona kilichobaki.

Njia bado mbaya, huenda tukachukua siku sita au saba. Tafadhali ningojee.

Abti wako,
Abdow