Kaburi Jipya Kanisa la Zamani

Jumatatu, 2 Novemba 1970



Leo, Siku ya Marehemu, nilikwenda kupalilia kaburi la mume wangu kwenye kanisa la zamani. Paa lilishaanguka, zimebaki kuta na makaburi tu. Kando ya kaburi lake nikakuta jingine jipya, udongo bado mbichi, halina msalaba wala jina.

Anayelima karibu na pale ni Mama Filomena. Nikamfuata shambani.

"Wapiganaji walivuka mto juzi na maiti," akaniambia kwa sauti ya chini. "Usiulizeulize, Mama Damiani."

Lakini mwanangu Damiani yuko ng'ambo ya Ruvuma na wapiganaji haohao, wanapigana na Wareno. Tangu Kwaresima sijapata habari zake. Nikakaa chini katikati ya mihogo.

"Ulimwona uso?"

"Mume wangu ndiye aliyemwosha. Anasema ni mtu mzima, kichwa chote mvi."

Damiani ni kijana wa miaka ishirini. Nikasema, "Asante, Mungu," tena kwa sauti. Mama Filomena akainama, akaendelea kulima.

Nilirudi nikaweka maua makaburi yote mawili. Huyo naye ana watu wanaomngoja, na mimi nimeshukuru kwamba ni yeye. Sijui hiyo ni dhambi ya namna gani.

Wakati naondoka niliona kwamba upande wa pili wa kaburi la mume wangu bado pana nafasi ya kaburi moja. Tangu nifike nyumbani siwazi kingine ila nafasi ile na Damiani.