Alhamisi kwa Bi Mdogo

4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje, na usingizi umerudi? Mimi mzima, ila mikono inanuka grisi. Lifti ya jengo la ghorofa kumi na mbili imetutoa jasho wiki nzima.

Mdogo wangu amenitupia kazi ya kuandika wasifu wa marehemu baba, eti mkubwa ndiye mwenye maneno. Utasomwa tarehe ishirini na tano Aprili, ukoo ukikutana. Alikozaliwa nimeandika, duka nimeandika. Nikifika pa kusema alikuwa mtu wa namna gani, kalamu inagoma. Niambie wewe uliyeishi naye. Nijibu kwa barua, maana simu ya duka imekwama kwenye spika na kinyozi wa jirani anasikia hata tunavyopumua.

Mwanao, kifungua mimba

13 Machi

Kifungua mimba wangu,

Marahaba. Goti ni lile lile. Usingizi nausikia kwa wenzangu.

Andika kwamba alikuwa na duka, lakini duka halikuwa na yeye. Mteja akiita, anajibu kutoka uani, "Nipo nje," mpaka mji mzima ukamwita Nipo Nje. Alipima sukari huku akitazama mawingu. Ukitaka misumari ya inchi mbili, kwanza uambiwe mvua itaangukia upande gani. Ndege aliwajua kwa sauti. Wateja ndio aliowachanganya. Na kila Alhamisi tangu tuoane alipanda vilima, mpaka mwaka jana moyo uliposumbua, akaniambia ameacha, Alhamisi sasa anakwenda mji wa pili kufuata bidhaa. Akirudi mikono mitupu anasema bei imepanda. Nikaamini.

Jana nimepanga rafu, nikakuta daftari lake nyuma ya makopo ya rangi. "Alhamisi. Nimekwenda kwa Bi Mdogo. Nimekaa kwake saa nne mpaka saa nane. Kumwacha kulinitia uchungu." Kila ukurasa Bi Mdogo, hadi siku moja kabla hajaanguka akifungua duka.

Mwanangu, miaka thelathini na mmoja. Siku ya wasifu atasimama mwanamke na watoto wenye pua ya baba yako, na mimi nimekaa mbele. Naogopa mpaka chakula hakishuki. Pale panaposema ameacha mjane na watoto wawili, usiandike idadi kwanza.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini unakula. Mimi sijambo.

Baba hakuwa na mwanamke. Tafadhali usiulize watu, unaujua mji wetu kwa midomo. Daftari lifungie. Wasifu nitautuma, mdogo wangu atausoma. Ruhusa kazini imekuwa ngumu.

Mwanao

26 Machi

Kifungua mimba,

Marahaba. Nakula kidogo.

Unasema hakuwa na mwanamke, hukusema umejuaje. Na ruhusa imekuwa ngumu ghafla. Nilikuzaa mimi: ukificha jambo unakuwa na maneno machache, tangu ulipovunja chungu ukiwa na miaka sita. Kama unamfahamu huyo mwanamke, niambie wewe, nisiambiwe na watu. Usiponiambia nitamwuliza kinyozi. Yeye na baba yako walikuwa chanda na pete.

Mama yako

1 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, kwa sababu najua ninaiharibu.

Bi Mdogo simfahamu. Ninalolijua ni hili. Mwezi wa saba mwaka jana baba alinipigia. Akasema daktari amemkataza vilima kabisa, na yeye hajaacha. Bei haikupanda, mama. Aliyepanda ni yeye. Akaniambia, "Usimwambie mama yako, ataficha viatu." Nikacheka. Nikamjibu, siri yako kaburini. Maneno hayo hayo.

Alianguka Ijumaa asubuhi. Ningekuambia, ungemzuia. Baada ya mazishi nilirudi kazini siku ya tatu si kwa sababu ya kazi. Nilishindwa kukutazama usoni, na bado naogopa.

Kama huwezi kuniona, usinijibu. Nitaelewa, na karatasi ya wasifu nitaituma.

Mwanao

9 Aprili

Mama, shikamoo.

Nilisema nitaelewa. Sielewi. Kila jioni namwuliza mwenye nyumba kama kuna barua, mpaka sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Nimepiga simu ya duka mara tano, inaita tu. Hata kama ni matusi, niandikie.

Mwanao

13 Aprili

Kifungua mimba wangu,

Marahaba, zote mbili. Mimi mzima, ila miguu imevimba, na utajua kwa nini.

Nilikukasirikia siku nne. Naanza barua, nachana. Simu ilipokuwa ikiita nilikuwa nimekaa pembeni yake. Siku ya tano nikavaa viatu vya kuendea harusini, nikaenda kwa kinyozi, nikamwambia nipeleke kwa Bi Mdogo. Alikuwa ananyoa mtu. Mashine ikabaki hewani. Akasema ni mbali, goti litakataa. Nikamwambia goti halijaulizwa. Akafunga kibanda, mteja wa watu kanyolewa upande mmoja.

Tulipanda saa tatu nzima, viatu nimeshika mkononi, maneno ya kumwambia huyo mwanamke nimeyapanga kichwani. Tukafika juu. Hakuna nyumba. Kuna upepo na mwamba, na pahali pamelainika kwa kukaliwa. Nikakaa, nikahema, nikauliza yuko wapi.

Kinyozi akasema, "Umemkalia, shemeji."

Anasema jina nilitoa mimi. Mwaka tuliooana nilisimama mlangoni mwa duka nikampigia kelele baba yako akielekea kilimani, basi hamia huko kwa bi mdogo wako. Mimi sikumbuki. Baba yako alilishika miaka yote hiyo. Nililia, kisha nikacheka, kinyozi akajifanya anatazama ndege. Kutoka pale unaliona paa la duka na kamba yangu ya nguo. Saa nne mpaka saa nane alikuwa ananitazama nikianika.

Sasa lako. Ungeniambia, viatu nisingeficha, ningechoma. Pengine angekuwa hai, amekaa nyuma ya kaunta amenuna, hatusemeshani. Pengine angeanguka Ijumaa ile ile. Sijui, wala wewe hujui, na mimi kukusamehe hakutatupa jibu. Nimekusamehe hata hivyo, na bado inaniuma.

Wasifu usimpe mdogo wako. Njoo uusome mwenyewe, mimi nimekaa mbele, unitazame usoni. Ukishindwa katikati, nitasimama nimalizie mimi.

Mama yako