Kiti cha Kabula

Mama Kulwa,

Kiti nimekirudisha chumba cha kushonea. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza.

Vyerehani vyako vipo. Mwalimu mpya, binti wa Nyahanga, anasema mkasi wako ni butu. Nimemwambia aupe muda, hata mimi uliniona butu miaka miwili. Mimi bado ndiye mshika funguo wa jumba la maendeleo, na bado nasoma magazeti yaliyofungia nyama, ndiyo maana habari zangu nyingi hazina mwisho. Hii ina mwisho. Wewe ndiye hukuufikia.

Unakumbuka balozi wa nyumba kumi alivyomleta Kabula, miaka tisa, mgongo umechanika kwa fimbo. Aliyemchapa kila mtu alimjua na hakuna aliyeona. Wote tulitaka kumhoji, mimi mbele. Ukatufukuza: "Nendeni mkaulizane wenyewe! Mtoto hatembezi kidonda chake kama muuza karanga." Ukamkalisha kwenye kile kiti kifupi kando ya cherehani yako, ukampa gauni kuukuu afumue mishono. Ulitaka aseme mara moja tu, kwa askari wa kike wa kutoka Shinyanga. Usiku alilala kwako, mchana alifumua. Wiki ya pili akaanza kuimba.

Jumatano ukaenda zahanati na kile kifua chako. Askari alikuwa aje kesho yake. Baba wa kambo wa Kabula akaja, shati limenyooshwa, jogoo kwapani.

"Mwangaluka, baba!"

Na mimi unanijua, mtu akiniamkia vizuri nalainika. Tukaulizana ng'ombe, mvua, pamba. Akasema anataka kumsalimu mtoto tu. Mimi ninayejisifu kuona kila kitu nikaona mgeni amesimama. Kwetu Usukumani mgeni hasimami. Nikaingia ndani, nikatoka na kiti.

Kabula akaja, akapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani tunakusubiri."

Basi. Hakumgusa. Nikajiona nimewapatanisha watu.

Kesho yake askari aliambulia shikamoo. Baada ya hapo hata wimbo hatukuusikia, na jalada likarudi Shinyanga jepesi vilevile. Ulipotoka zahanati hukunigombeza. Uliuliza tu, "Masanja, kiti ulikitoa wapi?"

"Chumba cha kushonea."

"Ndicho anachokalia yeye."

Ningependa ungenitukana, Mama Kulwa. Yule jogoo tulimrudisha, lakini lile neno lake la "tunakusubiri" halirudishwi. Mvua hazijaisha, tukakuzika.

Baada ya matanga dada yako akaendelea kumlaza Kabula. Mchana mtoto alikaa mlangoni, kiti hakitaki. Nikakiosha kwa sabuni, nikakirudisha kando ya cherehani yako, nami nikaketi sakafuni, mzee mzima, nafumua gauni. Nilifumua vibaya mno, nikachana kitambaa. Siku ya nne akasimama juu yangu: "Babu, siyo hivyo." Akakaa kwenye kiti chake akanionyesha.

Sikumuuliza kitu. Nilimwambia tu kwamba siku ile kosa lilikuwa langu, na mlango sasa hafunguliwi mtu mpaka yeye akubali. Pamba ilipoanza kuvunwa akasema, "Yule askari aje."

Alikuja bila sare, kama ulivyotaka. Kabula akasema yote, akifumua. Mimi nilikuwa nje mlangoni. Baba wa kambo akaja tena na salamu zake ndefu. Nikaitikia zote, maana adabu ni adabu, lakini nikamwacha amesimama juani mpaka akaondoka. Mara ya kwanza maishani mwangu.

Hakimu amemfunga. Kabula yuko kwa bibi yake mzaa mama, huko Tinde, anasoma.

Ulikufa ukidhani hatasema, na sababu ni mimi. Hilo halifumuki.

Lala, Mama Kulwa. Juzi ameletwa mwingine, wa miaka sita. Kiti anakikalia yeye. Wageni, wawe nani, nitawasalimia wakiwa wamesimama.

Mshika funguo wako,
Masanja