Wagonjwa Kumi na Wawili Waliomezwa na Ritifaa

Alhamisi, nyumbani, mtaa wa Kikuyu. Upepo umevuma tangu asubuhi. Nimefunga madirisha yote na vumbi limeingia hivyo hivyo. Nimechoka, ila moyo umetulia.

Nianze na lile la aibu.

Jumatatu madaktari wa macho wanafika Chemba kufanya upasuaji wa mtoto wa jicho. Kazi niliyopewa ni programu ndogo tu: isome orodha ya wagonjwa, imtumie kila mmoja ujumbe wa kumwita siku hiyo. Jana niliiwasha, ikamaliza bila kulalamika, nikaenda kula.

Leo asubuhi akanipigia simu Sista Rehema, muuguzi aliyewaandikisha wagonjwa hao kijiji kwa kijiji. Kuna mzee anaitwa Ng'humbi hajapata ujumbe, na majirani zake pia. Nikamjibu kama mtu anayejua: "Sista, angalia tena huko kwako. Labda namba zilikosewa."

Akanijibu: "Namba nilizipiga mwenyewe, mwanangu, moja moja, kabla sijakutumia."

Ndipo nikahesabu. Alinitumia majina arobaini. Programu iliona ishirini na nane.

Nimehangaika hadi saa saba mchana, na kosa ni langu. Niliielekeza programu kwamba ikikuta ritifaa, ile alama ndogo ya ('), isome kila kinachofuata kama neno moja hadi ikute ritifaa nyingine. Ikaikuta kwenye Ng'humbi. Ikameza mistari yote hadi kwa mama mmoja, Ng'wandu. Watu kumi na wawili wakawa jina moja refu lisilo na namba ya simu, likatupwa kimyakimya.

Mimi ninayeandika ng'ombe na ng'ambo tangu darasa la kwanza.

Kurekebisha kumechukua mistari miwili. Nimeongeza na wa tatu: hesabu zisipolingana, programu igome. Kisha nikawatumia wote kumi na wawili, nikakaa nikitazama skrini mpaka ujumbe wa mwisho ulipofika.

Nikampigia Sista kumwomba radhi.

"Yameisha," alisema. "Ila ulinitisha. Nilianza kudhani nimezeeka, sioni ninachoandika."

Hilo limeniuma kuliko kama angenigombeza.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumatatu alfajiri nakwenda Chemba. Nitakaa naye pale mapokezi, yeye akiwapima presha, mimi nikiita majina kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote arobaini waitike.