Mti Wangu Una Mizizi ya Bandia, na Jumamosi Utaoshwa Mbele za Watu

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie, tena upesi, maana Jumamosi ya wiki ijayo naiona inakuja.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, nina mke mmoja, sinywi, sivuti, sina kimada, nasema hivi mapema kwa sababu nasoma safu yako kila wiki na najua jinsi unavyowapokea wanaume. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Daktari anachukua alama ya mdomo wa mgonjwa ananiletea, namimina plasta, nachonga nta, namwaga ile plastiki ya rangi ya ufizi, napiga msasa, mtu anaondoka anatabasamu, na sijisifu lakini kuna watu wazima wameoa kwa meno yangu.

Sasa mimi na mke wangu ni wanachama wa chama cha wapenda bonsai, ile miti inayokuzwa kwenye trei ya udongo na kupogolewa miaka nenda miaka rudi mpaka mti wa urefu wa mkono unaonekana mzee kama wa msituni. Na katika bonsai, Shangazi, kitu kinachomfanya mtu anayeelewa apige goti ni kitako cha mti, yaani mizizi inavyotoka shinani na kutambaa juu ya udongo pande zote, mipana, imeishika ardhi. Mti usio na kitako ni kijiti kilichochomekwa tu. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani wa sare za shule, alianza na mche wa mtini miaka tisa iliyopita, akaukata mzizi mkuu ule wa kwenda chini, akaukalisha mche juu ya kigae cha sakafu kilichobaki tulipotengeneza bafu, akaitandaza mizizi midogo pande zote kama vidole, akaifunga kwa uzi wa katani, akafukia. Kigae kinaizuia isizame, basi inalazimika kwenda pembeni. Kila baada ya miaka miwili anautoa, anaichana mizizi kwa kijiti, anakata ile minene inayoidhulumu mingine, miembamba inapata nafasi ya kuifikia kwa unene, anarudisha, anasubiri tena. Mimi nilikuwa namcheka, namwambia huo mti wako una sakafu nzuri kuliko jiko letu.

Wangu niliununua ukiwa mkubwa tayari, mtini vilevile, shina nene, matawi safi, ila chini una mzizi mmoja tu mnene upande wa kushoto, kulia hamna kitu, umesimama kama mtu aliyenyanyua mguu anatafuta kiatu. Mwenyekiti wa chama chetu, mpima ardhi mstaafu ambaye mpaka leo anatembea na futi mfukoni, aliutazama mwaka jana akasema, "Fundi, upande huu ukate tamaa au uanze upya," akapita kwenda kwenye mti wa mke wangu, akakaa hapo mpaka chai ikapoa.

Iliniuma, Shangazi. Nikafanya ninachokijua. Nilichukua alama ya shina kama ninavyochukua ya mdomo, nikachonga mizizi saba kwa nta, nikaitoa kwa plastiki, nikaipaka rangi ya gome, nikalitoboa shina kwa drili yangu ndogo ya kazini, nikaifunga kwa skrubu na gundi, palipoachana nikaziba kwa plasta, juu nikatandika vile vimajani laini vinavyoota kwenye ukuta wenye unyevu. Mke wangu nikamwambia mti wangu asiuguse, nautibu. Hata mimi nilipoutazama nilisahau kwamba ni uongo.

Siku ya maonyesho mwenyekiti alipiga goti, akavaa miwani, akakaa dakika nzima, kisha akasema, "Mizizi hii imepangika kama meno ya mbele ya bibi harusi." Watu wakapiga makofi. Nikapewa nafasi ya kwanza na zawadi ya mkasi wa kukatia mizizi, mke wangu akawa wa pili. Tukiwa kwenye gari njiani kurudi nikamfariji, nikamwambia, "Usijali mama watoto, mwaka ujao utajitahidi." Akasema, "Haya."

Siku tatu baadaye nimerudi kutoka kazini nikakuta udongo wa mti wangu pale kibarazani umelowa na mzizi mmoja umechunika, plasta nyeupe inachungulia, nikaipaka rangi haraka kabla mke wangu hajaona. Kesho yake nikakuta kwenye meza yangu ya kibarazani kigae kimeoshwa, juu yake kibunda cha uzi wa katani. Nikamuuliza cha nini, akasema, "Kimebaki tu." Basi nikakifanya cha kuwekea kikombe cha chai.

Sasa balaa ni hili. Mwenyekiti kanipigia simu anasema, "Fundi, Jumamosi ya wiki ijayo utatufundisha, utautoa mti kwenye trei, tutaosha mizizi kwa mpira wa maji, wote tuone ulivyofanya." Nikajibu sawa. Kwa nini nilijibu sawa sijui. Mti wenyewe majani ya chini yameanza kuwa manjano.

Lakini Mungu si mchoyo, mke wangu ghafla kasema Ijumaa anasafiri kwenda kwa dada yake aliyejifungua, hatarudi mpaka Jumapili. Mti wake na wangu vimo vyao ni vilevile, tofauti kidole kimoja. Nikiutoa mti wake kwenye trei yake, nikaupunguza majani kidogo ufanane na wangu, nikaufundishia kwenye trei yangu, Jumapili asubuhi nikaurudisha, nitakuwa nimemkosea nani? Naomba uniambie, Shangazi, huu ni wizi au ni kuazima ndani ya ndoa? Na kama ukinikatalia, basi nijulishe kama kuna gundi isiyoachia kwenye maji.

Ni mimi, Fundi Meno.

SHANGAZI ANAJIBU

Wewe Fundi Meno, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mpiga chapa wetu akaja kuuliza kama niko salama. Mara ya pili sikucheka.

Umeanza kwa kunihakikishia huna kimada. Afadhali ungekuwa naye! Kimada tumeshamzoea kwenye safu hii, tunajua pa kuanzia. Mwanamume anayeutoboa mti kwa drili ya meno ili amshinde mke wake, huyo ni mgeni kwangu, karibu sana.

Nianze na maswali yako. Huu ni wizi. Kuazima mtu anaomba, tena anaomba mwenye kitu akiwa nyumbani, si akiwa ameenda kumbeba mtoto wa dada yake. Halafu unasema utaupunguza majani "kidogo". Kidogo cha nani? Umeupata wapi mkono wa kuukata mti ambao mwenzako ameuchana mizizi kwa kijiti miaka tisa, wakati wako mwenyewe umekushinda ukaufungia skrubu? Na usidhani hao wanachama watakaa kimya. Mwenyekiti wako alidanganyika na plasta, sawa, uzee una mambo yake, lakini mti wa mkeo aliukodolea macho mpaka chai ikapoa. Ataujua hata ukiuvisha kofia. Na gundi sina, nenda kaulize wateja wako, wao ndio wanaokunywa supu na kazi zako.

Kuhusu mti wako, mimi si mtaalamu, kwa hiyo nilimpelekea barua yako muuza miche aliye nyuma ya ofisi yetu. Alipofika kwenye mizizi ya plastiki aliketi juu ya magunia ya mbolea akashika mbavu kwa kicheko. Alipomaliza akasema mti haujafa, ila hayo matundu yako yanaoza na ndiyo maana majani yanakuwa manjano. Toa kila kitu ulichobandika, skrubu zote, hata ile unayoionea fahari. Acha vidonda vikauke. Mti ukishapata nguvu, menya gome lililozunguka shina, upana wa vidole viwili, juu kidogo ya huo mzizi wako mmoja wa kushoto. Zungushia makumbi ya nazi yaliyolowa, funga kwa nailoni, subiri miezi. Mizizi itatoka pande zote yenyewe, bila nta. Hapo ndipo utakata chini yake, uukalishe mti juu ya kitu bapa, utandaze, ufunge, ufukie. Na baada ya hapo, anasema, ni kusubiri tu. Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema, "Mke wake anajua."

Utaniambia miaka tisa ni mingi, utakuwa na hamsini na tano. Bwana, hamsini na tano utafika tu, uwe na mti au usiwe nao.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, maana wewe unadhani umeniandikia habari za mti. Hebu tazama ulichoandika kwa mkono wako. Mkeo alianza na mche. Mkeo alisubiri. Mkeo ukawa unamcheka kwa sababu ya sakafu. Mkeo akawa wa pili nyuma ya plasta. Na wewe, mwenye aibu mfukoni, ukamgeukia njiani ukamwambia mwaka ujao atajitahidi! Ajitahidi nini? Ajifunze kuchonga nta? Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na moja, nimesoma barua za watu waliokunywa ada za watoto wao, lakini sentensi hiyo imenikalia kooni kama mwiba wa samaki. Na yeye akasema, "Haya." Wewe ukasikia haya ya kukubali. Mwanamke akisema haya namna hiyo, mtu mwenye akili angesimamisha gari.

Endelea kusoma barua yako. Siku tatu baadaye udongo umelowa. Nani alimwagilia, fundi? Mlikuwa na mvua kibarazani? Aliona udongo umekauka, akauhurumia mti wako, akaumwagilia japokuwa ulimkataza, na mzizi ukachunika mkononi mwake. Wewe umekimbilia rangi "kabla hajaona". Ndugu yangu, alishaona. Anashona sare za watoto wa shule, anajua kiraka kikiwa kiraka.

Angeweza kukuvua nguo mbele ya chama kizima. Namba ya simu ya mwenyekiti anayo. Angeweza kuja Jumamosi na kukaa kiti cha mbele, akasubiri mpira wa maji. Badala yake amesema anakwenda kwa dada yake. "Ghafla," umeandika, ukamshukuru Mungu. Hakuna cha ghafla hapo. Hataki kuwa miongoni mwa watakaokutazama ukiumbuka. Amekusitiri kwa kuondoka, na wewe ukaona mlango umeachwa wazi, ukawaza kuiba.

Basi fanya hivi. Safu hii inatoka Alhamisi, una siku moja kabla hajasafiri. Leo, kabla ya chakula, mwambie. Usianze na "iliniuma", usianze na mwenyekiti. Anza na njiani, siku ile mliporudi. Omba msamaha wa sentensi hiyo kwanza, plasta ifuate. Akinyamaza, nyamaza naye. Usimwombe asisafiri. Jumamosi nenda chamani, beba mti wako jinsi ulivyo, na kabla hawajafungua maji, simama useme umefanya nini. Watacheka. Mwache acheke kila mwenye meno, yakiwemo uliyoyatengeneza wewe. Kisha toa ule mkasi, mkabidhi mwenyekiti, umwambie nafasi ya kwanza ni ya fundi cherehani, na yeye ndiye anayeweza kuwafundisha akirudi, akipenda. Usimsemee kwamba atapenda.

Bado kuna jambo moja. Kile kigae. Bafu mlilitengeneza miaka tisa iliyopita. Kigae hakikai stoo miaka tisa, siku moja kikajiosha, kikatembea mpaka mezani kwako, kikajitwika kibunda cha uzi. Mwanamke aliyekufumania na uongo wako siku moja tu nyuma, uongo uliomnyima haki yake, alikutafutia kigae ili nawe uanze upya, na hakukusema hata neno. Wewe ukaweka chai juu yake.

Kiondoe hicho kikombe, fundi. Kama kigae bado kipo mezani, mkeo bado anakusubiri, na mimi nisingependa kuwa wewe siku utakayokikuta amekirudisha stoo.