Siku Ile Ulikuwa Hai

Kihonda, Jumapili jioni, mwanzo wa masika. Huu ni mwaka wa thelathini na nne tangu maporomoko ya udongo yatushushe kutoka mlimani.

Mwanaidi, mdogo wangu,

Jana chama chetu cha watu wa mlimani kilikutana kwa mara ya kwanza bila wewe. Ukatibu amepewa Zaina, binti wa jirani yako. Alisoma muhtasari wa kikao kilichopita, ule uliouandika wewe kabla hujalazwa. Alipofika kwenye orodha ya waliohudhuria, akasoma: "Marehemu Mwanaidi, Katibu." Neno hilo "marehemu" aliliongeza kwa kalamu yake, kwa heshima tu, maskini.

Nikanyoosha mkono. "Mwanangu, lifute hilo. Siku ile alikuwa hai."

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba muhtasari husema yaliyokuwa siku ya kikao, si yaliyokuja baadaye. Mzee Kibwana, yule uliyezoea kumwambia, "Kaka Kibwana, hasira zako hazimo kwenye ajenda, zitie mfukoni, mimi naandika mlichokubaliana," alivua kofia akajifutia macho. Zaina akalikata neno, mwenyekiti akaweka saini pembeni. Kisha akauliza kama sisi tuliokuwapo tunathibitisha kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nikathibitisha. Kibwana akaniunga mkono.

Nilitamani tuishie hapo, Mwanaidi. Tubaki kwenye siku ile.

Lakini muhtasari ukishathibitishwa huja mambo yatokanayo. Azimio moja lilikuwa na majina yetu: mimi na wewe tupande mlimani kiangazi kijacho, tukaone kama kiwanja cha mama kinaweza kujengwa tena, nami nikakae huko. Uliandika hivyo tu. Hukuandika kwamba ulicheka ukasema, "Kaka atapanda kwa miguu ya nani?" Hukuandika kwamba nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Mambo hayo hayaandikwi, najua. Hata hivyo nimeomba nakala, na tangu asubuhi nayatafuta humo.

Mwenyekiti aliniuliza taratibu, "Mzee, tuliahirishe mpaka kikao kijacho?"

Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na wewe ulikuwa mwanamke wa mwisho wa tumbo letu. Ningejenga, nimwachie nani? Jioni ningemwita nani kwa Kiluguru, aitike kama ulivyokuwa ukiitika? Nikaomba liandikwe kuwa limefungwa. Zaina akauliza sababu. Nikamwambia aiache wazi, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, nililia mbele za watu.

Kaburi lako la hapa Kihonda nitalipalilia mwenyewe, mpaka mikono ikatae. Hilo nakuahidi. Pumzika, mdogo wangu, Mungu akupokee kwa wema.

Mlimani sitarudi.

Kaka yako